Nini, Toleo la Pili

Mliponiomba niandike karatasi ya makabidhiano kabla sijaondoka, nadhani mlitaka orodha ya nywila na maelezo ya kuzima mashine. Nywila anazo Kiptoo. Mashine huzimwa kwa kitufe chekundu nyuma ya mlango wa stoo, na ukisahau, mlinzi atakukumbusha kwa sauti itakayosikika Milimani nzima. Hayo ndiyo makabidhiano. Yanayofuata ni yale yasiyoingia kwenye fomu, na nimeyaandika nikiwa nyumbani, nimevaa ndara, siku ya kazi, jambo ambalo bado linanishangaza kila asubuhi.

Mimi ni mtoto wa reli. Babu alikuja Nakuru kutoka magharibi kufunga mataruma, baba akawa fundi wa injini, na kwetu watu walizungumzia nati na bolti hata mezani. Nilitarajiwa kuolewa na mtu wa reli. Badala yake nilisomea upigaji chapa, na kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa ya ukarani kwenye shamba la maua kando ya Ziwa Naivasha, karibu na Kamere.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Bwana Njoroge, karani wa dawa. Kazi yake ilikuwa kuandika kila grinhausi, yaani kila nyumba ya plastiki ya kukuzia maua, imepigwa dawa gani, kiasi gani, imemalizwa saa ngapi, na watu wataruhusiwa kuingia tena lini. Dawa ya maua haina mchezo. Kibandiko cha chupa kinakwambia usubiri saa kadhaa kabla mtu hajaingia kuchuma, na ukiingia mapema, macho na tumbo ndivyo vitakavyokuambia. Bwana Njoroge alivaa sweta mbili hata jua likiwaka, na alikuwa na kalamu mbili zilizofungwa kwa uzi kwenye meza ili zisitembee.

Nilimsomea karatasi iliyotoka kwa wapiga dawa. "Grinhausi ya nane, ishirini."

"Ishirini nini?"

"Ishirini, Bwana Njoroge."

"Nimeskia ishirini. Ishirini nini? Mbuzi?"

Nikaenda kuuliza, kilomita nzima kwa miguu na viatu vya mjini. Nikarudi nikamwambia ni vifuniko ishirini, kwa sababu wapiga dawa walipima kwa kifuniko cha chupa. Akauliza, "Vya chupa gani? Ile kubwa ama ile ndogo?" Nikarudi tena. Jioni ile nilimwambia mama kwamba nimepata kazi kwa mwendawazimu. Kesho yake nilienda nimevaa raba, na maswali yote nikayauliza kwa safari moja.

Jambo jingine alilonifundisha lilihusu saa. Shambani kila mtu alitaja saa kwa Kiswahili, saa kumi jioni ni saa kumi jioni. Lakini vitabu vya mameneja vilifuata saa ya ukutani, ambako jioni hiyohiyo ni kumi na sita. Tofauti ni saa sita, na saa sita ndizo zinazotenganisha grinhausi salama na grinhausi ya kukupeleka zahanati. Bwana Njoroge alichora safu mbili kwa rula, ya kalamu ya buluu kwa saa zetu na ya kalamu nyekundu kwa saa za ukutani. Hakuwahi kuandika saa nje ya safu yake. Nilipoandika mara moja katikati, alichana ukurasa wote tukaanza upya, na hakunigombeza. Nilitamani angenigombeza.

Alistaafu, akafa miaka michache baadaye, na nilimlilia kama mzazi. Sijui alikuwa na cheti gani. Nilichojua mimi kuhusu kazi hii kabla sijagusa kompyuta kilitoka kwenye meza ile yenye kalamu mbili za uzi.

Madaftari yakawa kompyuta, nami nikawa yule karani asiyeogopa kompyuta, kwa hiyo nikapewa kila kitu chenye waya, ikiwemo birika. Hatimaye nikaja Nakuru kwenye kampuni hii yetu, wakati huo ikiwa ni watu wanne ndani ya nyumba ya kukodi yenye bafu lililogeuzwa kuwa chumba cha mitambo. Tuliandika programu za mashamba ya maua. Mimi sikujua kuandika programu. Nilijua mashamba.

Aliyenifundisha Python, lugha ya kuandikia programu, ni Kiptoo, akiwa ametoka chuo majuzi, na mimi nikiwa na umri wa kuwa mamake. Alinifundisha bila kunicheka, au alikwenda kunichekea nje. "Mathe, usiogope," aliniambia. "Hii lugha ni poa. Haikusumbui na maswali mingi." Kumbe hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Python ukiipa saa kumi na vifuniko ishirini ikujumlishie, inakupa thelathini na kuendelea na safari. Thelathini nini? Haijali. Nilimkumbuka Bwana Njoroge nikahisi karibu ataingia mlangoni na sweta zake.

Kwa wale wapya niseme hivi. Kuna vikaguzi vinavyosoma programu ya Python kabla haijaendeshwa na kukuonya ukichanganya aina za vitu, tuseme umeweka jina mahali panapotakiwa namba. Lakini kwa vikaguzi hivyo namba ni namba. Kwa hiyo nilitengeneza kidude cha kuchomeka ndani ya kikaguzi, plugin, kinachoelewa vipimo. Unaipa namba lebo mara inapozaliwa: hii ni saa ya Kiswahili, hii ni saa ya ukutani, hizi ni mililita. Kidude kinaifuata ile namba kila inapopelekwa, na ukiichanganya na isiyo ya aina yake, kinapiga kelele na kukuonyesha mstari. Nilikiita Nini. Tukakiweka mtandaoni wazi, bure, yeyote akichukue, akisome, akirekebishe.

Wachache walikichukua. Kuna aliyeniandikia shukrani kutoka nchi ambayo ilibidi niitafute kwenye ramani. Nilifurahi kuliko siku niliyopewa ofisi yenye dirisha. Na katika maelezo ya toleo lile la kwanza niliandika sentensi moja niliyojivunia sana, hata nikawasomea kwa sauti tukinywa chai: "Nini ikinyamaza, programu yako iko salama." Mlipiga makofi. Nawakumbusha kwamba mlipiga makofi.

Haukupita muda mrefu nikapata ujumbe, kwa Kiingereza cha heshima sana, kutoka kwa mtu aliyejiita Sironka. Aliuliza Nini hufanya nini isipojua. Alikuwa ameona kwamba namba ikiwekwa ndani ya jedwali kisha ikatolewa, lebo yake inapotea, na Nini haisemi lolote. Inaipisha tu. Nilimjibu kwa Kiingereza cha heshima zaidi kwamba ndivyo ilivyokusudiwa, nikafunga shauri. Ukweli ni kwamba haikukusudiwa na yeyote. Sikuwa nimefikiria, na nilikuwa na kiburi cha mtu aliyetoka kupigiwa makofi.

Sasa tufike Kamere. Shamba moja huko, si lile nililoanzia kazi, lilinunua kwetu mfumo mzima. Mlango wa kila grinhausi tuliuwekea skrini ndogo: nyekundu usiingie, kijani ingia. Msimamizi anaandika kwenye simu yake dawa imemalizwa saa ngapi, kwa saa za Kiswahili kama anavyozisema, na programu inageuza na kuhesabu muda wa kusubiri.

Asubuhi moja, saa nne, skrini ya grinhausi moja ilikuwa kijani. Mama mmoja anayeitwa Pamela, kiongozi wa kundi la wachumaji, akaingia na wanawake wake kuchuma waridi. Kufikia saa ya chakula walikuwa wanatapika, macho yanawaka. Walikimbizwa zahanati. Wote walipona, namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo, ingawa mmoja wao, Mama Wambui, aliyekuwa mtu mzima kuliko wengine, alikaa nyumbani wiki kadhaa.

Ripoti ya ofisini ilisema grinhausi ile ilipaswa kufungwa mpaka saa kumi jioni. Pamela akasema skrini ilikuwa kijani. Meneja akanipigia simu.

"Madam Rose, hiyo screen inaweza kusema kitu tofauti na report?"

Nikaendesha Nini juu ya programu nzima nikiwa bado nimeshika simu. Ikanyamaza. "Haiwezekani," nikamwambia. "Imekaguliwa."

Simu nzima haikuchukua hata muda wa maji ya chai kuchemka. Kwa jibu langu hilo Pamela alivuliwa uongozi, akaandikiwa barua ya onyo, akapelekwa kukunja maboksi kwenye ukumbi wa kufungia maua. Wanawake wake waliamini kwamba aliwaingiza makusudi ili kundi lake lichume zaidi kuliko mengine. Shamba likaamua pia kwamba kuanzia siku hiyo msimamizi asimame mlangoni na kufungua kwa mkono, skrini iseme isemavyo. Habari za Pamela nilizisikia, nikasikitika kidogo kama unavyosikitika mtu usiyemjua akiteleza barabarani, nikaendelea na kazi.

Zaidi ya mwaka ukapita. Nilipobakiza miezi michache nistaafu, niliamua niiache Nini ikiwa safi, kama mtu anayefagia nyumba kabla ya kurudisha ufunguo. Nikaanza kufungua mashauri ya zamani niliyoyafunga. La Sironka lilikuwa la tatu. Nilisoma swali lake, kisha jibu langu, na uso ukaniwaka moto nikiwa peke yangu chumbani. Nikamwandikia kuomba radhi, tena kwa Kiingereza. Akajibu siku hiyohiyo. Tukapangana kuongea kwa video, na aliposema tu "Good morning, Madam Maintainer," yaani mama mtunza programu, nikamkatiza, maana lafudhi ile niliijua.

"Samahani. Wewe ni mtu wa wapi?"

"Mimi niko hapa Longonot, madam. Karibu na stesheni."

Muda wote huo tulikuwa tunaandikiana kama mabalozi. Ni mwalimu wa hesabu, kijana mpole mwenye sauti ya kusikika darasa la nyuma, na Jumamosi iliyofuata alikuja Milimani na mfuko wa viazi vitamu. Aliitumia Nini kufundisha wanafunzi wake kwamba jibu bila kipimo halipewi alama. Nilimpenda papo hapo.

Toleo la pili tulilitengeneza watu watatu: yeye, Kiptoo na mimi. Kazi yenyewe ilikuwa hii. Lebo ikipotea, kikaguzi huichukulia namba kuwa "chochote", na chochote kinaruhusiwa kukaa na kila kitu. Ndiyo maana Nini ilinyamaza. Tulitaka isinyamaze. Tulitaka iseme: sijui.

Kiptoo hakupenda. "Mathe, hii itapiga kelele mpaka watu waizime. Mtu akiona sijui mia moja, ata-uninstall."

"Lakini mwanafunzi akiniambia hajui, hapo naweza kumsaidia," Sironka akasema. "Yule ananipea shida ni yule anatingisha kichwa tu."

Wote wawili walikuwa sahihi, na ndiyo sababu ilituchukua wiki nyingi. Nini ya mwanzo kabisa ya toleo la pili ilitoa sijui kwa kila mstari ambao namba ilipita, hata mimi mwenyewe niliyeizaa nilitaka kuizima. Mwishowe Kiptoo ndiye aliyepata njia, tena akiwa anapanga foleni ya chapati: sijui itajwe mara moja tu, pale lebo ilipopotelea, na palepale uonyeshwe jinsi ya kuirudisha. Usimlaumu aliyebeba mzigo, mtafute aliyeubandua lebo. Mkiwahi kutengeneza kitu cha kuwaonya watu, anzeni na hilo.

Kabla ya kutoa toleo tulilijaribu kwenye programu zetu wenyewe, moja baada ya nyingine. Ya mizani, sawa. Ya vyumba vya baridi, sijui chache, tukazirekebisha. Halafu ya skrini za milango. Ile ambayo toleo la kwanza lilinyamazia. Ikatoa sijui moja.

Ilikuwa mahali pa marekebisho. Msimamizi akiandika kumbukumbu mara moja bila kukosea, saa yake inapita njia ya kawaida na kugeuzwa vizuri. Lakini akikosea na kurekebisha, kumbukumbu mpya inasomwa tena kutoka kwenye jedwali, na hapo lebo inapotea, na kwa kuwa lebo imepotea, hakuna anayeigeuza. Dawa iliyomalizwa saa kumi jioni inakwenda kwenye skrini kama ya kumi ya ukutani, yaani saa nne asubuhi, na muda wa kusubiri unahesabiwa kuanzia hapo. Ripoti ya ofisini inatumia njia nyingine, kwa hiyo ripoti inasema kweli. Skrini ndiyo inayodanganya, kwa saa sita kamili.

Nilifungua kumbukumbu za siku ile ya Kamere: dawa ya kusubiri siku nzima, imemalizwa jana yake saa kumi jioni. Msimamizi alikuwa amekosea namba ya grinhausi, akarekebisha dakika mbili baadaye. Tukaweka skrini ya akiba mezani tukairudia ile siku kama ilivyokuwa. Ilipofika saa nne ya asubuhi ikageuka kijani. Sironka alivua miwani.

Basi nikaiuliza mashine ni nani aliyeandika mstari ule. Nikiri kwamba nilikuwa nimeshamwandalia Kiptoo maneno ya upole, kwamba sote hukosea na kadhalika. Jina lililotoka lilikuwa langu. Na tarehe ilikuwa ya wiki ileile niliyowasomea sentensi yangu tukinywa chai.

Nilikwenda kwa mkurugenzi wetu, Bwana Mureithi. Mnamjua, si mtu wa maneno mengi, na nilikuwa nimefanya naye kazi tangu enzi za bafu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Rose, umebakisha wiki tatu," akasema. "Rekebisha hiyo line, toa release yako, tukufanyie party. Nani atajua?"

"Kiptoo anajua. Mwalimu anajua."

"Hao ni watu wetu."

"Na Pamela anajua. Amejua tangu siku ya kwanza. Ni sisi ndio hatukujua."

Akageukia dirisha. Nikatoka nikijua kwamba huenda ningekwenda peke yangu, na nilikuwa nimeamua kwenda. Marekebisho ya skrini tuliyapeleka shambani mchana ule ule. Asubuhi yake nilimkuta Bwana Mureithi kwenye meza yangu, na barua amekwisha kuichapa mwenyewe, kwa vidole viwili, ikisema kwamba kosa lilikuwa la programu yetu na si la mfanyakazi yeyote wa shamba. Sahihi yake ilikuwa chini. "Kiptoo achukue pickup," akasema. "Na usiende kama unaenda kunyongwa. Enda kama mtu wa kazi." Nimefanya kazi chini ya watu kadhaa. Wengi wangetuma barua pepe. Namshukuru huyu mzee kwa wino ule.

Kamere ilikuwa na upepo na vumbi kama siku zote. Meneja aliisoma barua mara mbili, akatuma mtu amwite Pamela. Akaja na aproni yenye vipande vya gundi, mwanamke wa makamo, mrefu, akasimama karibu na mlango kama mtu aliyezoea kuitwa kwa mabaya.

Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Iliniishia yote. Nikamwambia, "Mama, mimi ni Rose. Ile programu ya skrini ni mimi niliandika. Siku ile ulisema ilikuwa kijani. Ilikuwa kijani."

Alijifuta gundi mikononi kwa aproni. Kisha akauliza, "Ni wewe walipigia simu?"

"Ni mimi."

"Wakaniambia mtu wa kompyuta amesema haiwezekani."

"Nilisema haiwezekani. Sikuwa najua, na nikasema najua. Naomba unisamehe."

Meneja akaingilia kati, naye nampa haki yake, hakusita: barua ya onyo itatolewa kwenye faili, na uongozi wake utarudi. Akamnyooshea mkono. Pamela aliutazama ule mkono, akaupokea, lakini macho yake yalibaki kwangu.

"Madam, umeniambia mimi," akasema. "Mimi nilikuwa najua. Kuja uwaambie hao."

Ilikuwa saa ya chakula. Kantini ya shamba ni paa la mabati na mabenchi marefu, na wachumaji wote walikuwapo, wakiwemo wale waliokuwa kundi lake. Pamela hakukaa nao siku hizo. Kiptoo aliniambia baadaye kwamba nilikuwa nimesokota shanga zangu za shingoni mpaka uzi ukakatika, sikumbuki. Nakumbuka nilisimama mbele ya sahani za githeri na kurudia maneno yale yale, kwa sauti, kwamba skrini ilikuwa kijani, kwamba Pamela hakuwaingiza, niliyewaingiza ni mimi. Sijawahi kutoa toleo gumu kuliko lile.

Mwanamke mmoja akajiziba mdomo kwa mkono. Mwingine akasema, "Na vile tulimsema!" Nilitegemea kutukanwa, na ningevumilia. Lakini yule Mama Wambui, ambaye ndiye aliyeumia zaidi, hakuniangalia kabisa. Alichukua sahani yake akasogea kwenye benchi, akawasukuma waliomfuata nao wakasogea, mpaka pakawa na nafasi ya mtu mmoja. Akaipigapiga kwa kiganja.

"Pamela. Kuja ukule, chakula inapoa."

Pamela akaenda akakaa. Hakulia, wala wao hawakulia. Niliyelia ni mimi, nikiwa nimesimama katikati ya kantini ya watu, mpaka mpishi akaniletea sahani na kuniambia nami nikae, nazuia njia.

Nilipokuwa naondoka nilimwomba Pamela ruhusa. Toleo jipya lilitakiwa kutoka Jumatatu, na maelezo yake yangesomwa na watu wa mbali wanaotumia Nini, ambao programu zao nazo huenda zina mstari kama wangu. Nilitaka wajue kwa nini tumebadilisha. Nikamhakikishia kwamba nitamficha, nitaandika tu "mfanyakazi mmoja wa shamba".

Akaacha kufunga aproni. "Kwa nini mfanyakazi mmoja?"

"Nisikuaibishe, mama."

"Walipoandika ile warning letter, waliandika majina yangu yote matatu. Hawakuandika mfanyakazi mmoja. Nawe andika yote."

Nikatoa kalamu, nikamwomba anitajie, na nikamrudishia nilichoandika ili akague. Alisahihisha herufi moja.

Jumatatu Sironka aliomba ruhusa shuleni akaja. Bwana Mureithi alisimama mlangoni akijifanya anapita. Ile sentensi yangu ya zamani niliifuta kwenye maelezo, na mahali pake nikaandika nyingine, kwa Kiswahili kwanza, Kiingereza chini yake. Kiptoo akaisoma kwa sauti ofisi nzima ikasikia, na safari hii hakuna aliyepiga makofi. Nikabonyeza kitufe, ikatoka. Mkilifungua toleo la pili leo, mstari wa kwanza ni huu:

"Pamela Akinyi Owiti, kiongozi wa kundi, alisema skrini ilikuwa kijani, na alikuwa anasema kweli."